Jibu la Melker Kabla ya Saa Sita

Mtoto wa mdogo wangu Roland anaitwa Melker, na kama mngemwona akicheza hoki ya barafu msingeamini kwamba ndiye yuleyule anayeshindwa kuomba chumvi mezani. Uwanjani ni beki asiyetaka masihara. Ukijaribu kupita upande wake anakubana ukutani mpaka unasahau ulikuwa unaelekea wapi. Akivua viatu vya kuteleza anageuka mtu mwingine kabisa. Ukimuuliza kama ana njaa, atasema si sana. Ukimuuliza kama ameumia, na damu inamchuruzika puani, atasema wapo walioumia zaidi.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu ndivyo tulivyomlea. Hapa kwetu Rönnselet, kaskazini mwa Uswidi, mtu akisema "mimi naweza" wenzake wanainamia vikombe vyao vya kahawa, na jioni hiyohiyo anajadiliwa nyumba hadi nyumba. Mtoto anafundishwa kujishusha kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Haya, sasa nenda ukajishushe mbele ya Mmarekani, uone utafika wapi.

Alipokuwa na miaka kumi na minane tulikusanyika sebuleni kwa Roland mbele ya kompyuta, siku ambayo timu kubwa za Amerika huchagua vijana wa dunia nzima, jina moja baada ya jingine. Mama yake, ambaye sasa ni marehemu, alinunua keki ya kijani, ile ya sherehe huku kwetu. Majina yakasomwa, yakasomwa, mpaka yakaisha. Roland akainuka, akaleta kisu, akaikata keki, tukala kimya kama tuko matangani. Melker akasema keki ni tamu.

Akiwa na ishirini na mmoja, anachezea ligi ya pili, mzee mmoja msaka vipaji kutoka ng'ambo alimwita kando baada ya mechi, akamuuliza kama anajiona yuko tayari kwa ligi za kule. Mtoto wetu akajibu kwamba hana hakika kama anafaa. Kwetu sisi hilo ni jibu la mtu anayetaka mpaka anatetemeka. Yule mzee akamshukuru, akampa mkono, na mwezi uliofuata akamchukua mwenzake wa timu hiyohiyo, kijana ambaye hata kuteleza kinyumenyume kunamshinda, ila yeye alisema "niko tayari" bila kupepesa macho. Nilipozipata habari hizo nilimpigia Melker simu nikamtukana hadi sauti ikanikauka. Alisikiliza yote, halafu akaniuliza mgongo wangu unaendeleaje.

Mwaka jana, theluji ilipoanza kuyeyuka, klabu haikumwongezea mkataba. Akarudi kwa baba yake na miaka yake ishirini na sita, akaanza kazi kiwandani, kupasua mbao. Hakulalamika hata mara moja. Alfajiri alikuwa akikimbia kando ya ziwa akiburuta tairi la trekta kwa kamba kiunoni, akidhani hatumwoni. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kikimchungulia nyuma ya mapazia, na hakuna aliyemwambia kitu. Wakala wake, kijana wa Stockholm aitwaye Pontus, aliendelea kumtafutia timu huko ng'ambo. Simu ya Melker ilikuwa haipatikani nusu ya siku, kwa hiyo Pontus alikuwa na namba yangu pia.

Basi ikafika Jumatatu ya kwanza ya Septemba, siku inayofungua msako wa elki. Elki ni mnyama wetu mkubwa wa msituni, dume lake linamzidi farasi, na kwa watu wa huku hakuna sikukuu inayoushinda msako huo. Kiongozi ni mimi, tangu nilipoacha kuendesha malori ya magogo. Kila mwindaji nampangia mahali pake, simu zinazimwa, tunazungumza kwa redio za mkononi ambazo kila mmoja anamsikia mwenzake. Hakuna anayenyanyua mguu mpaka niseme, maana ukizurura kwenye msitu uliojaa bunduki unaweza kurudishwa nyumbani kwenye machela. Mimi mwenyewe nakaa juu kilimani penye magari, na simu yangu haizimwi, kwa sababu ni hapo tu mtandao unapopatikana.

Tuna sheria nyingine iliyo kubwa kuliko zote. Aliyemjeruhi mnyama haondoki msituni mpaka mnyama huyo apatikane na kumalizwa. Hata nyumba yake iwe inaungua. Sheria hiyo nilimfundisha Melker mwenyewe, alipobeba bunduki kwa mara ya kwanza, na nilimfundisha kwa ukali.

Siku ile Roland na Melker walikaa pamoja kwenye kibanda cha juu, kile cha mbao kinachotazama kinamasi. Mahali hapo ni pa Roland tangu ujanani. Asubuhi, ukungu ukiwa bado unatambaa, ukalia mlio mmoja wa bunduki. Nikasubiri. Halafu nikaisikia sauti ya Melker redioni, akisema amempiga dume kubwa, halikuanguka, limeingia kwenye misonobari ng'ambo ya kinamasi na kuacha damu.

Nilishangaa, maana Melker hakosei. Lakini msituni lolote hutokea, na huo si wakati wa kumhoji mtu. Nikatangaza kila mmoja abaki alipo, bunduki tayari, kwa sababu elki aliyejeruhiwa anaweza kugeuka na kumrukia mtu. Tukampa mnyama muda alale chini na kupoa. Kisha nikamtuma Mzee Allan na mbwa wake Tyra wafuate damu, na Melker akateremka kibandani kuandamana nao. Roland akabaki juu peke yake.

Walikuwa wamezama ndani ya misonobari simu yangu ilipoita. Ni Pontus, na anahema kama mtu aliyepanda ngazi mbio. Timu moja ya ligi iliyo chini ya ile kubwa ya Amerika imeumiziwa mabeki wawili katika mazoezi. Wanataka mtu mara moja. Wana majina mawili mezani, la Melker na la Mfini mmoja. Mfini ameshakubali, ila kocha anamtaka zaidi Melker, aliona mechi zake. Wanafunga uamuzi saa sita mchana kwa saa zetu. Akikubali, jioni anapanda ndege mjini Umeå. Saa sita ikipita, anakwenda Mfini.

Nilitazama saa. Ilikuwa imebaki kama nusu saa. Nikamwambia Pontus andika ndiyo, nunua tiketi, mimi shangazi yake nimesema.

"Mama, nisamehe," Pontus akasema. "Safari hii nataka kumsikia kwa mdomo wake mwenyewe. Nikiwaambia yuko tayari, halafu afike kule aseme hana hakika kama anafaa, mimi kazi sina."

Nikamtukana kidogo, lakini alikuwa na haki. Sasa nifanyeje? Kuteremka na simu haiwezekani. Kule chini hakuna mtandao, na katikati yangu na Melker kuna elki mwenye risasi mwilini na watu saba wenye vidole karibu na kifyatulio. Nilichokuwa nacho ni redio, na redio inasikiwa na wote. Mambo ambayo kwetu mtu hamwambii hata mkewe bila kwanza kuzima taa, ilibidi niyatangaze msitu mzima. Nikabonyeza kitufe, nikasema yote: timu, Mfini, saa sita.

Redio ikakoroma bila mtu. Nilijua kila mmoja huko alipo ameishika sikioni. Ndipo Melker akajibu, sauti imetulia kama anaagiza misumari dukani.

"Nimesikia, shangazi. Hilo litasubiri. Kuna mnyama nimemjeruhi."

Jamani, nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia halisubiri, ndiyo maana halisi ya saa sita. Mzee Allan akaingilia na masihara yake, kwamba nimwambie Mmarekani aje ashike kamba ya mbwa, atapewa ugoro wa bure. Nikamwambia afunge mdomo. Alifunga, na Allan kufunga mdomo si jambo la kila siku.

Damu ikapotea kijitoni. Tyra akazunguka, akanusa, akarudi nyuma. Kila walipobonyeza redio kuniambia bado, nilitazama saa. Pontus akapiga tena. Akaniuliza kama Melker amesema lolote. Nikamwambia yuko kazini. Akauliza kazi gani hiyo isiyompa mtu nafasi ya neno moja. Mtu wa mjini, utamweleza nini? Nikamwambia asikate simu, nikaiweka juu ya boneti ya gari, kipaza sauti kikiwa wazi.

Nikabonyeza tena redio. Nikasema kwamba mimi ndiye kiongozi, na kwa madaraka yangu namwondoa Melker kwenye kumfuata mnyama, Allan anatosha, apande kilimani sasa hivi. Nikasema hiyo ni amri. Kwa miaka yote niliyoongoza sikuwahi kutoa amri ya namna ile, na kila aliyesikia alijua inakwenda kinyume na nilichowafundisha wote.

"Shangazi," akasema Melker, "ungekuwa wewe ungepanda?"

Nilikaa na redio mkononi. Nisingepanda. Angejua kama ningedanganya, na wote wangejua. Nililia pale, nawaambieni, machozi ya hasira, nikaipiga teke gurudumu la gari langu mwenyewe. Miaka ishirini ya kuamka gizani, viatu vinavyonuka jasho, meno mawili yaliyong'olewa, mama aliyekufa akiwa bado anamsubiri aitwe, na sasa yote yanakwisha kwa sababu ya nyama. Na mtoto hana kosa. Amefanya tulivyomwambia.

Zilikuwa zimebaki dakika chache nilipoisikia redio ikifunguliwa, na mtu akapumua muda mrefu kabla ya kusema. Nikajua ni Roland. Mdogo wangu haongei redioni. Miaka yote anabonyeza mara mbili tu kuonyesha kwamba amesikia, basi.

"Dada," akasema. "Melker hakupiga."

Hakuachia kitufe cha redio.

"Nimepiga mimi. Jicho la kulia lina ukungu tangu baridi iliyopita, nimewaficha. Niliona kitu cheusi, nikafyatua. Mtoto alichukua redio akasema ni yeye kabla sijafungua mdomo." Akapumua tena. "Mnyama ni wangu. Nashuka kumfuata. Melker hana anachodaiwa huko. Mwacheni aende."

Sijui niwaeleze vipi uzito wa maneno yale. Kwetu mtu anaweza kuiba mke wa jirani na bado akakaribishwa kahawa. Lakini mtu anayekaa kibandani na bunduki, akijua haoni sawasawa, na wenzake wametawanyika mbele yake, huyo hapewi tena mahali. Roland alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa amejivua heshima mwenyewe mbele ya watu aliowinda nao tangu wote wakiwa vijana, na hakuna aliyemlazimisha.

Melker akasema, "Baba, acha." Akarudia. Roland hakujibu. Nikamwita mimi, kimya. Alikuwa ameizima redio.

Hapo akili ikanirudia. Nikaamuru kila mtu atoe risasi kwenye bunduki, isipokuwa Allan aliye na mbwa, na kila mmoja athibitishe kwa jina. Wakathibitisha haraka, mmoja baada ya mwingine, sauti zimebadilika. Nikaichukua simu kwenye boneti, nikaisogeza karibu na redio. Nikamsikia Pontus akisema zimebaki dakika mbili, mama, mbili.

"Melker," nikasema, "baba yako ameshakutoa. Unataka kwenda au hutaki? Jibu, Pontus anasikia."

Redio ikakoroma. Nilijua yuko wapi, amesimama kijitoni, maji yamemfika magotini, Allan anamtazama. Nilijua pia kinachomzuia. Si woga wa Amerika. Ni sisi. Ni watu saba wanaomjua tangu alipokuwa anavaa nepi, wanasikiliza kama atajiona.

"Kama wao wanaona ninaweza kusaidia," akaanza.

"Sikukuuliza wao wanaona nini," nikamkata. Sauti yangu ilikuwa inapasuka. "Nimekuuliza wewe."

Nikaikandamiza simu kwenye redio, nikisubiri.

"Nataka," Melker akasema. Ilitoka chini, kama anaiburuta. Halafu ikaja yote kwa mkupuo. "Nataka kwenda. Nimetaka tangu nilipokuwa na miaka sita. Niko tayari, na mimi ni mzuri kuliko huyo Mfini."

Pontus akapiga ukelele uliotoboa sikio langu, akakata simu. Mimi nilibaki nimeshikilia redio. Hakuna aliyecheka. Mmoja huko msituni akabonyeza mara mbili, kuonyesha amesikia. Akabonyeza mwingine. Na mwingine. Allan akasema, polepole kabisa, kwamba kijana anapanda sasa, na kwamba ameacha kofia yake majini.

Alifika kilimani matope mpaka kifuani. Ujumbe wa Pontus ulikuwa umeshaingia: wamemchukua, tiketi ipo. Akauliza baba yake amepitia wapi. Nikamwambia ameshuka upande wa kibandani, ndiyo maana hawakukutana njiani, na ndege haimngoji mtu. Alisimama pale akitazama chini kwenye misonobari. Alitaka kurudi, nilimwona mguu wake ukigeuka. Nikamtupia funguo za gari langu kifuani, nikamwambia akirudi huko bondeni namvunja mguu mimi, na Mfini atacheka.

"Mwambie baba," akasema, kisha akashindwa kuendelea. Akanikumbatia, akanichafua koti lote, akaondoka kwa kasi ambayo gari lile halijaizoea.

Vumbi lake lilikuwa halijatua niliposikia mlio mmoja upande wa kijito, na Allan akatangaza kwamba mnyama amelala na msako umekwisha. Nikateremka. Nilimkuta Allan amekaa kando, amemfunga Tyra, hatazami upande wa Roland. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Roland alifika, akampokonya kamba ya mbwa bila neno, wakamfuata mnyama hadi alipojificha, na palipohitajika risasi ya mwisho Roland alimpa Allan bunduki aliyokuja nayo, apige yeye, kisha akageuka pembeni.

Bunduki hiyo ilikuwa imeegemezwa kwenye mti, imefunguliwa, haina risasi. Roland alikuwa amepiga magoti penye tumbo la mnyama, mikono myekundu hadi kwenye viwiko, anakata. Hakuniangalia. Redio yake ilikuwa bado imezimwa kiunoni. Nikaelewa kwamba baada ya kusema aliyoyasema hakuweza kuvumilia kusikia atakachojibiwa, na kwa hiyo hajui.

"Amejibu nini?" akauliza, kisu kikiendelea.

"Anakwenda. Ameshaondoka."

Akatikisa kichwa kukubali. Alikata kidogo, akafuta kisu kwenye majani. "Wewe ndiye uliyemsemea?"

"Amesema mwenyewe."

"Amesemaje?"

Nikamwambia, neno kwa neno, nikikazana nisibadilishe kitu. Roland akanyanyua uso. Jicho la kulia lilikuwa na utando kweli, sijui tulikuwa tunatazama nini miezi yote ile.

"Kwenye redio?" akauliza. "Watu wote wakisikia?"

"Wote."

"Amesema ni mzuri kuliko yule Mfini."

"Ndivyo alivyosema."

Roland akalirudia jina la mwanawe mara moja, si kwa kuniambia mimi. Kisha akaweka paji la uso wake kwenye ubavu wa yule mnyama na mabega yake yakaanza kutikisika. Allan akainuka, akaja, akashika mguu mmoja wa elki, mimi nikashika wa pili, tukaipanua ili aweze kuendelea kukata atakapokuwa tayari.